Uteo wa Kanze

Watu wa Mombasa walijua mengi juu ya Nahodha Mstaafu, na karibu yote yalikuwa uongo. Walijua kwamba ni mzee wa miaka sabini aliyezunguka bandari zote kutoka Surat hadi Kilwa, akaacha mpenzi katika kila bandari, na sasa amekaa mahali fulani na baridi yabisi yake akiandika yaliyompata. Katika mkahawa mmoja karibu na Ngome ya Yesu palikuwa na bwana aliyeapa kwamba alipata kusafiri naye, tena Nahodha akaazima koti lake na hakulirudisha. Wanawake hawakujali koti. Walichojali ni gazeti la Kigujarati la kila Ijumaa, ambalo ukurasa wake wa mwisho ulikuwa wa Nahodha peke yake, na hadithi zake zilikuwa za mapenzi tu, mwanzo hadi mwisho.

Nahodha mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Sabira, ambaye hakupata kupanda chombo chochote cha bahari isipokuwa feri ya Likoni, na hata humo alitapika. Aliishi na kakake Ghulam, mwuza nafaka, katika nyumba iliyo nyuma ya duka lao, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Ghulam ndiye aliyezipeleka kurasa kwa mpiga chapa, akasema amezipokea kwa mtu. Mpiga chapa hakuuliza ni mtu gani, maana gazeti lilikuwa likinunuliwa.

Alianza kwa ajili ya mamake. Mama alilala kitandani miaka mingi, na binti wa kumwuguza alikuwa mmoja tu. Ugonjwa mrefu humchosha mgonjwa na mwuguzaji pia, basi Sabira akawa anamtungia visa: fulani kampenda fulani, wazee wakakataa, ikawa hivi, ikawa vile. Mama alipofariki, mwaka wa 1940, visa havikufariki naye. Viliendelea kuja, na hapakuwa na wa kumsimulia ila Kanze.

Kanze alikuwa mwanamke wa Kigiriama, amemzidi umri kwa miaka kama kumi, aliyevuka daraja la Nyali kila asubuhi kutoka Kisauni kuja kuchagua mchele wa duka. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukimpa habari njema alisema "haya," na ukimpa habari mbaya alisema "haya" ile ile, kwa sauti ya chini kidogo. Mchana, baada ya adhuhuri, wenye duka wamejinyoosha, wao wawili walikaa uani, Kanze na uteo wake, ungo wa kupetea, mapajani akitoa mawe na chuya, Sabira akimsimulia kwa Kiswahili kile ambacho baadaye angekiandika kwa Kigujarati.

Haikuchukua siku nyingi Sabira akagundua jambo. Kisa kilipokuwa kikavu, vidole vya Kanze viliendelea na mchele kama kawaida. Kisa kilipomgusa, mkono ulisimama. Hakulia, hakuguna, mkono ulisimama tu juu ya uteo, kama wa mtu aliyesikia akiitwa, kisha ukaendelea. Tangu siku hiyo Sabira hakuandika kitu kabla ya kukipitisha kwenye uteo. Na siri hiyo hakumwambia Kanze kamwe, akichelea kwamba mkono ukijua unatazamwa utaanza madaha.

Maneno yaliyoshindwa hakuyatupa. Alikuwa mtoto wa wauza nafaka, na kwa wauza nafaka hata chuya zina kuku wake. Aliwapa waongo. Kila mlaghai katika hadithi zake alisema yale maneno matamu kupindukia ambayo hayakuusimamisha mkono wa Kanze, na wasomaji wakastaajabu Nahodha amewajulia wapi walaghai namna ile.

Alikuwa mwepesi wa kuandika, wepesi wa kutisha. Hadithi moja ikiisha Ijumaa hii, nyingine ilianza Ijumaa ijayo, na Ghulam alilalamika kwamba anazichosha ndara zake kwa safari za kwa mpiga chapa. Vita vilipopamba moto, taa za mji zikafunikwa kwa hofu ya ndege, mchele ukaadimika wakawa wanachagua pojo, na gazeti likapunguzwa kurasa. Mwenye gazeti alijaribu mara moja kumpunguza na Nahodha. Kina mama walimjia mlangoni kwa kundi, na mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele. Hakujaribu tena.

Kufikia mwaka wa 1946 Sabira alikuwa amewaoza watu wengi kuliko kadhi yeyote wa pwani, na mwenyewe hajaolewa.

Si kwamba hakuposwa. Wakati wa vita alimjia mfanyabiashara mmoja mwenye duka karibu na Marikiti, mtu mwema, hana ila. Ghulam, katika kumsifia dadake, akamdokezea kwamba hupenda kuandika-andika. Yule bwana akacheka, akasema kwake hatapata nafasi ya mambo hayo. Sabira alikataa siku ile ile. Majirani wakasema mchagua nazi hupata koroma, naye akawaacha waseme. Alijua anachokitaka: mchana wake, kalamu yake, na Kanze na uteo wake. Mume atakayemnyang'anya hayo hakumtaka, hata awe na maduka kumi. Hata hivyo, jioni aliposikia watu wa nyumba ya pili wakicheka juu ya chakula chao, alihisi upweke, na aliuonea aibu upweke huo, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa akiwaponya wengine.

Basi siku moja akaja Hajrabai, mama mnene mwenye pumzi fupi, kumposea nduguye Sherali. Huyu Sherali alikuwa fundi wa saa pale Ndia Kuu, mjane wa miaka mingi. Sabira alimwona mara moja tu, walipompelekea ile saa ya ukutani ya marehemu baba. Alikumbuka kwamba aliipokea kwa mikono miwili.

Hajrabai alikunywa chai, akapangusa jasho, akakaa wima.

"Ndugu yangu amenituma maneno, na ameniapisha nisiyabadilishe," alisema. "Asema hivi: Tangu nikuone usingizi umenihama, na moyo wangu ni nyumba isiyo mlango wala dirisha, ila wewe. Ukikataa, nyota zitashuka moja moja zije zikuulize sababu."

Sabira aliinama haraka, na Hajrabai akadhani ni haya. Haikuwa haya. Maneno yale alikuwa ameyatunga mwenyewe mwezi uliopita. Aliyajaribu kwa Kanze, na Kanze akaokota jiwe, akaokota chuya, akaokota jiwe jingine. Kwa hiyo yalikwenda kwa mwuza lulu, yule laghai wa hadithi iliyokuwa ikiendelea gazetini, na kwa wiki mbili sasa wasomaji walikuwa wakilia wakidhani ndiye bwana harusi. Kufichuliwa kwake kulikuwa bado kwa mpiga chapa, kungetoka Ijumaa.

Kutoka uani alimsikia Kanze akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na kifua.

"Mwambie nduguyo nimesikia," Sabira alisema alipoweza. "Lakini maneno makubwa namna hii mtu huyaleta mwenyewe. Kakangu atakuwapo."

Hajrabai alipoondoka, Ghulam alikasirika kidogo. Alimpenda dadake na alimpenda Sherali, na alitaka jambo hili liwe. "Mtu mwenyewe si msemaji, Sabira," alisema. "Ameona haya, akaazima. Watu wangapi mjini hapa wameoa kwa maneno yako, na wote waungwana?"

"Na mimi je, niolewe kwa maneno yangu mwenyewe?" alijibu. "Hayo ninayo tayari."

Sherali alikuja siku ya tatu, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Walikaa sebuleni, yeye na Ghulam. Sabira alikaa chumba cha ndani, pazia likiwa baina yao, na nyuma yake mlango wa uani ulikuwa wazi. Kanze alikuwa pale na uteo, na mchele ukilia chini ya vidole vyake, chwa, chwa. Sabira alikuwa amejiapia kwamba huyu akijisifu kwa maneno yale, atakataa na hataposwa tena. Sasa alipomsikia akipumua nyuma ya pazia, alitambua kwamba hataki kukataa, na hilo likamwogopesha.

"Bwana Sherali," alisema, "maneno aliyoyaleta dadako ni yako?"

"La," Sherali alisema. "Nimeyatoa katika gazeti, kwa Nahodha Mstaafu. Mimi sina maneno."

"Basi sema hayo usiyo nayo."

Ghulam alifumba macho. Sherali aliikunjakunja kofia yake.

"Mimi ni fundi wa saa, Bi Sabira. Mtu akikaa na saa kutwa husahau kusema. Sisi chakula chetu ni sinia moja, nyumba nzima hulizunguka, mwenyewe wajua. Tangu mke wangu afariki, nala upande wangu tu. Upande wa pili wabaki safi, na nikimaliza naliosha sinia zima vile vile. Ningependa pawe na mtu upande ule." Akaiweka kofia gotini. "Hayo ndiyo niliyo nayo."

Nyuma ya Sabira, uteo ulikuwa umenyamaza.

Alingojea uendelee. Kwa kawaida mkono ulisimama kidogo tu ukarudi kazini, lakini safari hii haukurudi. Hapakuwa na chwa hata moja. Katika miaka yote ile hakuna kisa chake kilichousimamisha muda mrefu hivyo, na Sabira alihisi machozi yanamlengalenga, kwani sasa alijua jibu lake.

Ilibaki jambo moja, nalo ndilo lililomharibia posa ya kwanza. Alilisema upesi kabla moyo haujamgeuka.

"Yafaa ujue kabla hujafika mbali. Huyo Nahodha ni mimi. Sitaacha kuandika, wala usiniombe. Na Kanze atakuja nami."

"Kanze hajaulizwa," ilisema sauti kutoka uani.

Ghulam akaanza kutafuta la kusema juu ya bei ya pojo.

"Kwa hivyo mwuza lulu yule..." Sherali alisema hatimaye.

"Ni mwongo. Utasoma Ijumaa."

"Lahaula. Nami nimemtuma dadangu na maneno ya mwongo." Akacheka, cheko dogo la kujicheka, na Sabira akalipenda papo hapo. "Andika, bibi. Mimi kazi yangu ni ya kukaa, na yako pia ya kukaa. Na sinia letu ni la watu wanane."

Ndoa ilifungwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Kanze aliulizwa, kwa heshima zote, akasema "haya," ile ya juu. Katika hadithi, mwuza lulu alifukuzwa, na mchumba wa kweli akaja na maneno ya sinia, na mwaka ule vijana watatu wa mji wa kale waliposa kwa sinia. Hajrabai, ambaye sasa alijua siri yote na alikuwa akifa nayo kifuani, aliwatazama wakipita na kuuma ncha ya mtandio wake.

Hadithi hazikupungua, ziliongezeka. Mchana Sherali alizoea kuirudisha kazi yake nyumbani, akawa anakaa nao uani na meza yake ndogo, kioo jichoni, akichokoa matumbo ya saa za watu huku Sabira akisimulia. Siku moja ya mwaka wa 1949 alikuwa kwenye kisa cha mpishi wa meli na binti wa mwuza kofia, kisa ambacho mwenyewe hakuwa na hakika nacho. Mkono wa Kanze uliendelea na mchele. Lakini bisibisi ya Sherali ilikuwa imesimama hewani. Sabira alifurahi sana. Huenda kisa kilikuwa kizuri, ila Kanze amechoka leo.

Alishika kalamu.

"Usiandike," Kanze alisema bila kuinua uso. "Huyu bwanako hafai kwa kazi hii. Mkono wake wasimama kwa kila neno. Juzi ulisimama ulipomwuliza kama chumvi yatosha."

Sabira alimkodolea macho. "Kanze, kumbe ulikuwa ukijua?"

"Miaka tisa wanitazama mkono kama paka atazamaye samaki, Bi Sabira. Nisijue?"

"Na ile siku ya posa? Ulisimama. Nilisikia kwa masikio yangu."

Kanze aliutikisa uteo, akapuliza makapi, akaokota jiwe moja na kulitupa kando.

"Siku ile," alisema, "mchele ulikuwa umekwisha."

Sabira alimtazama mumewe, ambaye bado alikuwa ameshika bisibisi juu akingojea kusikia mpishi wa meli atafanya nini, na akacheka mpaka akaiweka kalamu chini.