Jumamosi za Tambi Kiseke

Kilichotangulia daima kilikuwa kishindo. Kabla hujaiona hoteli ya Mzee Li pale Kiseke, ulisikia donge la unga likipigwa juu ya meza ya mbao, kisha kimya kidogo, kisha likipigwa tena. Na upepo wa ziwani ukikuelekea, ulikuletea harufu ya supu ya mifupa ya ng'ombe na tangawizi. Mzee Li alikuwa Mchina aliyekuja Mwanza na wajenzi wa barabara. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki akafungua chumba cha meza nne. Alilivuta lile donge mpaka mikono ikanyooka, akalikunja, akalivuta tena. Nyuzi mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mpaka zikawa tambi nyembamba alizozitupa kwenye maji yanayochemka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji waliohitaji kupona tulikuwa baba na mimi.

Mama alifariki masika yalipoanza, nikiwa na miaka tisa. Baba yangu, Masanja, alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kusonga ugali maishani mwake. Siku za kazi tulikula maandazi na chai, au viazi alivyochemsha mpaka vikapasuka. Jumamosi mchana alisugua mikono mpaka saruji ikatoka, akavaa shati la kanisani, akanishika mkono tukaenda kwa Mzee Li. Tulikula bila kuzungumza. Tambi zilikuwa laini, lakini zilikaza kidogo menoni, na baba aliinamia bakuli lake muda mrefu kuliko mtu anayekula tu. Nilijua analia. Nadhani Mzee Li naye alijua, maana alituongezea supu bila kuombwa, akisema kwa Kiswahili chake kidogo, "Kula, mtoto. Pole pole."

Mvua zilipokaribia kwisha, alikuja Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, kutoka Misungwi. Tulimpeleka kwa Mzee Li kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula cha kumpa mgeni. Bakuli lake lilipoa mbele yake.

"Masanja, mtoto wa kike halelewi hotelini," alisema. "Nipe nikakae naye. Kwangu kuna wenzake."

"Kupika nimeshindwa, dada. Kulea sijashindwa."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe, Minza, unasemaje?"

Baba aliweka uma chini, akanitazama. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, lakini niliiogopa nyumba yetu jinsi ilivyokuwa kimya, na kule Misungwi kulikuwa na binamu watano. Nikasema nataka kwenda na shangazi. Baba akasema, "Sawa, mwanangu. Maliza chakula." Jumatatu alitusindikiza hadi kituoni, amenibebea begi. Akawa anakuja kunitazama kila mwezi, na hata siku moja hakuniuliza kama nataka kurudi.

Leo naishi tena Mwanza. Mzee Li alirudi kwao zamani, na chumba chake kinauza mabati. Tambi za pakiti zimejaa kila duka. Binti yangu huzipika mwenyewe kwa dakika chache na kuzila akitazama simu, na sijawahi kumwona akisubiri chakula kama nilivyosubiri mimi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwaka jana, binti yangu huyo, naye akiwa na miaka tisa, aliposema anataka kuhamia kwa bibi yake mzaa baba, nilikosa usingizi kwa wiki nzima, na sikumruhusu. Ndipo nilipokwenda kumwona baba, ambaye sasa ni mzee wa kutembea na fimbo, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza, kama nilimuumiza siku ile.

"Niliumia," alijibu bila kuzunguka. Akaangalia mawe ya mlimani. "Lakini ulikuwa na njaa ya watu, mwanangu. Na mimi nilikuwa mmoja tu."