Kichupa cha Rangi ya Krimu

Kazi nyingi nilizofanya hapa Kolwezi nilijifunza siku ileile niliyozianza, na nimechoka nazo. Wiki niliyohamia mtaa wa Dilala, mwenye nyumba wangu, Tata Kalenga, aliniuliza kama naweza kuficha mikwaruzo ya motokari yake. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ndogo.

"Mutoto yangu atapanda mu hii motokari siku ya ndoa," alisema. "Sitaki bandugu ya bwana yake bacheke."

Motokari ilikuwa imeshinda miezi kwenye barabara ya Musonoi, nyuma ya malori ya mgodi. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, kwa hiyo niliipangusa kwa kitambaa kikavu. Nikaiendesha mpaka dukani, nikalinganisha vichupa vya rangi na mlango wake, kimoja kimoja, nikapata krimu iliyofanana nao kabisa. Nikapaka kila mkwaruzo kwa brashi ndogo. Nilijivunia sana.

Asubuhi ya ndoa maji yalirudi. Mama Kalenga, mke wa mwenye nyumba, akaiosha motokari mbele ya wageni. Vumbi la kiangazi likatiririka, na madoa yangu yakabaki.

"Hii vumbi inakatala kutoka," alisema, akanipa sifongo. "Weye uko na nguvu, sugua."

Nilisugua rangi yangu mwenyewe mpaka mgongo ukauma. Tata Kalenga akaja, akatazama madoa, kisha kucha zangu, ambazo bado zilikuwa na krimu.

"Mutoto yangu," alisema taratibu, "motokari yangu ni nyeupe."