Mkata Miti na Nyenje

Mkata miti wetu hapa Murera ana viganja vikavu kama maganda, lakini haegemezi ngazi yake kabla hajalipapasa shina lote, polepole, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akiwa juu huimba nyimbo za kanisa, ingawa msumeno humfunika sauti. Asubuhi hiyo nilimwita kwa sababu tawi la mti wangu wa mukima lilikuwa limepasuka juu ya jiko langu, na mawingu yalikuwa yakipanda upande wa Thika. Alipapasa shina, mkono ukasimama. Karibu na mizizi, nyenje alikuwa anatoka kwenye ganda lake, laini, mabawa yamekunjamana.

“Mama Waruguru, huyu amekaa chini ya udongo miaka. Tumwache akauke, aruke.”

“Na jiko langu likiangukiwa?”

“Tawi limengoja wiki nzima. Litangoja chai.”

Nikapika chai nikinung'unika, jicho moja kwa mawingu. Yeye alichuchumaa na kikombe chake, akitabasamu kama anayesubiri mgeni avae viatu. Mara kuku wangu akaja mbio, shingo mbele, akimtaka yule nyenje. Mimi ndiye niliyeruka! Nilimfukuza na ndara mkononi hadi kwenye ua wa jirani, chai yangu yote ikamwagika. Mkata miti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tuliendelea kumlinda nyenje pamoja hadi akaruka.

Tawi lilishuka kwa kamba kabla ya tone la kwanza.

“Mama,” aliniita kutoka juu, “siku nyingine shina utapapasa wewe.”