Siku Kisanduku Kilipofunga Ofisi, Nami Nikafunga Redio

Aibu zangu ni nyingi na nyingine nimeshazisahau, ila hii siwezi, kwa sababu hata nikitaka kuisahau watu wa Ngara hawaniruhusu. Juzi tu nimeshuka basi pale Biharamulo, nanunua muhogo wa kuchoma, jamaa mmoja mzima na ndevu zake ananikazia macho, anaanza kutabasamu, halafu ananiuliza mbele ya watu, "Samahani kaka, wewe si yule wa Mtakatifu Antoni?" Nikamwambia hapana, umenifananisha. Hakunifananisha. Ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, lakini mwishoni, Warundi walipokuwa wameanza kurudishwa kwao kwa malori. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika moja pale Ngara (jina naliacha, walishanisamehe na sitaki waghairi), na fundi wa kompyuta siku zile maana yake ni fundi wa chochote chenye waya: printa, jenereta, feni, hata pasi ya bosi iliwahi kuletwa mezani kwangu na sikuikataa. Intaneti tulikuwa tunaipata kwa dishi kubwa lililosimama uani, na baada ya kompyuta zetu kushambuliwa na virusi mara kwa mara, makao makuu wakatuletea kifaa kipya cha ulinzi wa mtandao, wenyewe wanakiita fayawoli. Ni kisanduku cheusi, kizito kuliko kinavyoonekana, kinakaa katikati ya dishi na kompyuta za ndani, kazi yake kuamua nini kiingie na nini kitoke. Nilikuwa sijawahi kukiona maishani mwangu. Nilipoulizwa kama nitakiweza nikasema, "Hivi vitu ni vya kawaida tu."

Kisanduku nikakifunga kwenye chumba cha redio, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na betri za uhakika. Kwa asiyejua, redio ninayosema si ya kusikilizia taarifa ya habari, ni ile ya mawasiliano, ofisi na kambi na magari yote yanasikilizana humo humo, na akizungumza mmoja wengine wote wananyamaza, hakuna namna. Simu za mkononi zilikuwepo, lakini kambini hazikushika, na njiani ndiyo kabisa. Mwenye chumba hicho alikuwa Mama Anisia, na siku hiyo alikuwa amekwenda msibani Murusagamba, akaniachia kiti chake na maneno machache: "Adriani, hicho kipaza ukimaliza kukisemea kitundike kwenye msumari wake." Nikamwitikia ndiyo mama, bila kusikiliza.

Sasa siku yenyewe ilikuwa siku ya msafara. Malori yalikuwa kambini tangu alfajiri, watu wanapanda na magodoro na kuku na masufuria, na utaratibu ulikuwa hivi: malori hayaondoki mpaka wenzetu wa upande wa Burundi watutumie barua pepe kwamba wako tayari kupokea. Bila barua, hakuna safari. Na lazima msafara ufike mpakani kabla ya saa saba mchana, baada ya hapo hawapokei mtu. Jambo lingine, na hili ndilo lililonitesa baadaye, mkimbizi anayeondoka anabomoa kibanda chake asubuhi hiyo hiyo, turubai anakunja, miti anawapa majirani wakapikie. Ukimwambia leo hakuna safari, hana pa kurudi.

Bosi wetu, Mama Koku, Mhaya wa Muleba, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alikuwa hakiamini kile kisanduku. Akawa ametenga gari moja liende mpakani kuuliza kwa mdomo, endapo mtandao ungegoma. Akaniita redioni kutoka kambini: "Adriani, mtandao vipi? Nilitume gari au nisilitume?"

Mimi kompyuta yangu ndogo nilikuwa nimeichomeka moja kwa moja kwenye kisanduku, na kwenye ukurasa wa mipangilio kuna mahali unakiamuru kijaribu kufika nje. Nikakiamuru. Kikafika! Kikajibu vizuri, tena haraka. Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu, maana mtu mwenye akili angeinuka, atembee hadi chumba cha pili, ajaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mimi nikashika kipaza, nikakohoa kidogo kama mtangazaji, nikasema, "Stesheni zote, stesheni zote, hapa Ngara. Mtandao uko hewani. Narudia, mtandao uko hewani. Ova." Na Mama Koku naye akajibu haya, asante, kisha gari lile la mpakani akalipa kazi ya kupeleka mama mjamzito hospitali.

Halafu mhasibu akachungulia mlangoni akasema kwake hakufunguki kitu. Wa stoo akasema kwake pia. Nikaenda kuangalia, kweli, kompyuta zote za ndani hakuna hata moja inayotoka, wakati kisanduku chenyewe kinatoka bila shida. Nilipaswa kurudi redioni palepale niseme jamani nimekosea, tumeni gari. Kusema kweli, niliona haya. Nimetangaza stesheni zote kwa sauti ile, halafu nijikanushe kabla chai haijapoa? Nikasema moyoni nitalimaliza hili kabla hawajajua.

Nikasogeza kisanduku ili nione matundu ya nyuma, na kipaza kilikuwa kinaning'inia kwenye waya wake kinanisumbua mkononi, nikakisokomeza kati ya kisanduku na betri. Kipaza kile kina kitufe ubavuni, ukikibonyeza ndipo unasikika. Betri ikakibonyeza. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba redio ghafla ilitulia, hakuna anayeita, hakuna anayeuliza, nikamshukuru Mungu kwa utulivu ule nifanye kazi yangu.

Basi toka hapo kila nilichokisema nilikuwa nawaambia watu wote, kuanzia kambini hadi kwenye magari yaliyokuwa njiani. Na mimi nina ugonjwa mmoja, nikifanya kazi peke yangu nasema. Nilichomoa waya huu nikauchomeka ule, huku nautukana. Nilizima nikawasha, huku naimba wimbo wa kipaimara na maneno nimesahau. Nilisema (hili nimeambiwa na watu wengi tofauti, sina sababu ya kubisha) kwamba Mama Koku ana kichwa kigumu kama mbuzi wa kafara na kwamba makao makuu wametuletea jeneza badala ya mtambo. Nikasema pia, kwa sauti ya wazi kabisa, "Na wewe Adriani, nani alikutuma useme unakijua? Si ungesema tu hujawahi kukiona!"

Dereva wetu Masanja, Msukuma mmoja mcheshi mno, alikuwa amesimama Nyakahura, maana siku zile magari yalikuwa yanasubiriana pale ili yaongozane na polisi. Anasema mwanzoni alidhani ni redio ya kanisa. Alipotambua sauti akafungua milango yote ya gari na kuongeza sauti, wauza mahindi wakasogea, wauza mbuzi wakasogea, askari nao wakasogea, kila nikitukana waya wanapiga makofi. Hata hindi bichi moja halikuuzwa saa ile.

Kambini hakukuwa na kicheko. Mama Koku alikuwa amekaa ndani ya gari lake karibu na malori, mlango wazi, ananisikia vizuri kwamba mtandao haupo, na anataka kuliita lile gari lililopeleka mgonjwa ligeuze liende mpakani. Anabonyeza, anaita, hapiti. Mimi nimeikalia njia yote peke yangu. Gari jingine la kutuma halikuwepo, kwa hiyo mwishowe akawasha lile alilokuwa amekalia akaanza kuja Ngara mwenyewe, na barabara ile mnaijua, haiendi kwa hasira ya mtu.

Mimi huku, hata kabla hajaondoka kambini, nilikuwa nimeshafika mahali pa sala. Nilipiga magoti kabisa, mbele ya kisanduku, na nikamwita Mtakatifu Antoni, kwa sababu kwetu ndiye tunayemwomba kitu kilichopotea kionekane, nami niliona hata intaneti iliyopotea ni kitu. Nikamwambia, "Mtakatifu Antoni, nisaidie leo tu. Watu wale wameshabomoa nyumba zao, watalala nje kwa ajili yangu, na mimi nitafukuzwa kazi. Nisaidie, nami nitaacha kujifanya najua." Nikalia kidogo. Nasema kidogo, Masanja anasema sana.

Nikainuka nikafungua tena ukurasa wa mipangilio, safari hii nikasoma polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya posa. Kisanduku kile kinafuata amri zilizopangwa kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayokuhusu ndiyo hiyo hiyo, hakiendelei kusoma. Juu kabisa kulikuwa na amri ya kiwandani: kataza vyote. Chini yake ndipo nilipokuwa nimeandika yangu: ruhusu kompyuta za ndani zitoke nje. Ni sawa na kumwambia mlinzi asimruhusu mtu yeyote kutoka, halafu ukamwekea karatasi ya pili kwamba wafanyakazi watoke. Ya kwanza imeshamtosha, ya pili haisomi. Na kisanduku chenyewe kilikuwa kinafika nje kwa sababu amri hizo hazikukihusu, kinajituma chenyewe. Nikaipandisha amri yangu juu. Nikahifadhi. Nikakimbia kwa mhasibu, nikamsukuma kitini, barua pepe zikaanza kumiminika.

Ya wenzetu wa Burundi ilikuwa humo. Ilikuwa imetumwa tangu asubuhi. "Tuko tayari, leteni watu."

Nikarudi mbio kwenye chumba cha redio, natafuta kipaza, hakionekani, nafuata waya wake kwa mkono mpaka nyuma ya kisanduku, nikakivuta. Kilipochomoka tu redio ikalipuka sauti, watu wanaita wote kwa pamoja, na juu ya wote Masanja: "Amina! Amina, Mtumishi! Hapa Nyakahura tunaomba na ule wimbo wa kipaimara, ova!" Nikasimama na kile kipaza mkononi, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi, nikaanza kukumbuka kwa mpangilio kila nilichokuwa nimesema. Nilikuwa bado sijafika mwisho gari likafunga breki uani. Mama Koku akasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Adriani," akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Mbuzi wa kafara amefika."

"Shikamoo mama," nikasema. Ndilo pekee lililonijia.

"Marahaba. Barua ipo?"

"Ipo. Tangu asubuhi."

Akatazama saa ya ukutani. Mpakani hatungewahi tena. Hakunitukana, alikaa kwenye kiti cha Mama Anisia, akashika kipaza, akawaambia wa kambini washushe watu. Heri angenitukana. Kisha akaniamuru nipakie maturubai yote yaliyokuwa stoo, niyapeleke kambini mwenyewe, niyafunge mwenyewe. Nikayafunga mpaka giza likaingia, na mvua ikanyesha, na maturubai hayakutosha.

Hayo ya kuchekesha nimeyazoea. Wafanyakazi walinipa jina la Padre, Masanja aliniwekea mshumaa juu ya kisanduku, na Mama Koku hakunifukuza ila kila mkutano alikuwa anafungua kwa kuuliza kama kipaza kiko kwenye msumari. Nami niliapa, na kiapo hicho sijakivunja mpaka leo nilipo na vifaa vikubwa kuliko kile: sitasema mtandao umerudi kabla sijakaa kwenye kiti cha mtumiaji wa mwisho, kule kwenye chumba cha mbali kuliko vyote, nikafungua barua pepe kwa mikono yangu. Mlango hauulizwi kama uko wazi, unasukumwa.

Ila kuna la asubuhi iliyofuata, ambalo huwa silisimulii watu wakiwa wanacheka. Malori yalikuwa yanapakia upya, nguo za watu zimelowa, watoto wanakohoa, nami napita nakunja maturubai nikiinamisha kichwa. Bibi mmoja alikuwa ameshapandishwa kwenye lori la mbele, lile lililokuwa limesimama jana yake karibu na gari la Mama Koku. Akaniita.

"Ni wewe ule mwanaume alikuwa anasali mu redio?"

Nikaona hapa hakuna pa kukimbilia. "Shikamoo bibi. Ni mimi."

"Marahaba, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, kwa Kirundi chao. Akanyoosha mkono kupitia ubavu wa lori, akanishika kichwani. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa mvua ya usiku. "Nilikusikia. Ulilia, ukasema sisi tutarara nje. Miaka yote nimekaa hapa, watu wa ofisi wanakuja, wanaandika, wanaenda. Sijasikia hata mmoja analia juu yetu. Nikienda kule nyumbani, nitawaambia."

Injini ikawashwa, ikabidi nisogee. Nilitaka kumwambia sala ile ilikuwa na nusu ya pili, ile ya kufukuzwa kazi, na kwamba nikijitafuta vizuri moyoni, machozi yalitoka kwa ajili ya hiyo. Sikumwambia. Nilimpungia mkono mpaka lori likakata kona. Siku hizi nikisali najitahidi kuishia kwenye nusu ya kwanza, na siyo kila siku naweza.