Kamyo, Ambia Shoferi Yako

Wiki ile lori langu lilikufa mara tatu na kufufuka mara mbili, palepale mtaani kwetu Musaga, mbele ya nyumba yangu, mchana kweupe. Cheka tu, lakini soma hadi mwisho.

Naitwa Audace. Ni dereva wa lori la tangi. Napakia petroli depo hapa Bujumbura, napeleka Rumonge. Mwaka wa tisa huu.

Patroni wangu, Mzee Hamoud, alikuwa amelipeleka lori gereji lifanyiwe marekebisho ya usalama. Wakageuza bomba la moshi, likawa linapumulia mbele, mbali na tangi. Wakaweka kamba ya kufunga tundu la chini ya tangi kwa dharura. Na nyuma ya kabini, kwa nje, wakaweka mpini mwekundu. Ukiuzungusha, umeme wote wa lori unakatika.

Fundi Yahaya alinieleza nusu saa nzima. Mimi nilikuwa kwenye simu.

"Ukipaki, uzime hii. Kila mara. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Nilisikia kwa sikio moja. Nilichukulia ule mpini ni pambo la kupita kontroli ya polisi barabarani, basi. Jioni nikamtambia mke wangu Joëlla pale uani, kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Ona! Ukipaki unazungusha hii, umeme kwisha, hata bibi kizee anaweza!" Kuanzia hapo sikuugusa tena.

Nilichogusa ni taa. Nilifunga taa za buluu ubavuni mwa tangi, kwa waya zangu mwenyewe na utepe wa gundi. Nani anataka kuendesha lori lililonuna?

Sasa nikujuze kuhusu mabukwe, mama mkwe wangu, Mama Concilie. Anakaa kwetu. Ni mtu wa zamani haswa. Kwake yeye, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Mchana Joëlla yuko sokoni, kwa hiyo mabukwe anapika, anaweka chakula mezani, kisha anatoweka jikoni. Miaka minne nimekula maharagwe yake, na sauti yake nimeisikia kupitia ukuta tu.

Jumatatu nikatoka depo tangi limejaa, nikapaki nyumbani, nikala, nikarudi kwenye lori. Nazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa ya dashibodi haikuwaka.

Nikafungua betri, sawa. Nikaangalia fyuzi, sawa. Nikashuka hadi kona kutafuta fundi wa mtaani. Niliporudi naye, nikajaribu tena ili aone ugonjwa wenyewe.

Likawaka mara moja. Fundi akanitazama, akatazama lori, akaenda zake akitikisa kichwa.

Jumatano yakawa yaleyale. Kimya kama kaburi. Nikaenda kona, nikarudi, likanguruma.

Hii si kazi ya betri, nikajiambia. Hii ni kazi ya Elysée.

Elysée ni dereva wa akiba wa Mzee Hamoud. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na lori langu analiangalia kila siku kwa macho ya njaa. Nikaacha kumsalimia. Akinipa mkono, najifanya natafuta ufunguo mfukoni.

Rumonge nilifika nimechelewa mara zote mbili. Alhamisi Mzee Hamoud akapiga simu.

"Audace, kuchelewa mara ya tatu, funguo unampa Elysée. Wallahi sirudii."

Sikulala vizuri. Nina watoto watatu, na kazi nyingine siijui. Nikaamua Ijumaa nitamkamata mchawi wangu kwa mikono yangu.

Ijumaa nikapaki kama kawaida. Nikaingia sebuleni kwa kishindo, nikavuta kiti kama mtu anayekula, halafu nikatokea mlango wa nyuma na mwiko wa ugali mkononi. Nikajibanza nyuma ya ukuta wa jirani.

Dakika mbili. Tatu.

Mtu akatokea. Lakini hakutokea kwa Elysée. Alitokea jikoni kwangu.

Mabukwe! Kanga imefungwa vizuri kiunoni, mikono ina unga. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapanda daraja la kabini, akashika mpini mwekundu. Kwaa! Akauzungusha.

"Nimekukamata!" nikaruka na mwiko wangu.

Uwiii! Alivuta kanga hadi machoni, akanigeuzia mgongo, akaelekeza uso kwenye tairi. Nami nikaganda pale, mwiko juu, sijui niombe radhi au nikimbie. Mkwe mtu mzima anamwinulia mama mkwe mwiko, tena barabarani!

Ndipo akaanza kusema. Si na mimi. Na lori.

"We kamyo," alisema akiigonga ile tairi, "ambia shoferi yako: si yeye alisema ukipaki unazima hii? Mi nilisikia. Sasa yeye hazimi. Mi nazima."

Na mimi nikalitazama lori.

"Kamyo, uliza mabukwe, mbona hawashi tena mi nikirudi?"

"Ambia yeye, mi nitakuja aje na yeye iko amekaa ndani? Nangojaga aende kona. Anakulaga mbio mbio!"

Mungu wangu. Ndiyo maana lori lilifufuka kila nilipoondoka. Mchawi wangu alikuwa anajificha kwa heshima.

Nilitaka kucheka, lakini hakuwa amemaliza.

"Kamyo, ambia yeye anuse kwa nyuma. Na ile waya ya mataa yake aangalie. Siku ya Mungu nilituma Joëlla amwambie inatoa moto. Akacheka."

Kweli Joëlla aliniambia Jumapili. Nami nilijibu: "Tangu lini mama anajua umeme?"

Nikaenda nyuma. Petroli ilikuwa inadondoka kwenye koki ya chini ya tangi, tone, tone. Shubiri moja kutoka hapo waya wangu wa taa ulikuwa umechubuka, shaba iko nje, umegusa chuma. Hatua thelathini mbele, kijana mmoja anachoma mishikaki, na watu wamezunguka wanangoja.

Umeme ungekuwepo wakati ule, Musaga ingekuwa inatuzika.

Nikavuta ile kamba ya dharura. Tone likakatika. Nikapiga kelele mishikaki izimwe, watu wasogee. Wa kwanza kuja na ndoo ya mchanga alikuwa nani? Elysée. Tukamwaga mchanga pamoja, nami nashindwa kumtazama usoni.

Kisha nikampigia Mzee Hamoud mwenyewe. Alikuja na fundi Yahaya. Sikuficha kitu: taa, waya, mpini, hata uchawi. Nikamnyooshea funguo.

Akazichukua. Akainama, akaangalia ile shaba.

"Nani alizima umeme?"

"Mama mkwe wangu."

Akasogea mlango wa jikoni, akavua kofia. "Mama, Mungu akulipe kheri. Sasa niambie we, hizi funguo nimupe nani?"

Huyo si mkwe wake, kwa hiyo alimjibu wazi.

"Patron, mukwe yangu kuendesha anajua. Ni masikio tu haijafanyiwa marekebisho."

Yahaya alikaa chini kwa kicheko. Mzee Hamoud akanirudishia funguo, ila taa za buluu alizikata kwa mkono wake.

Elysée nilimwomba msamaha jioni. Aliniuliza, "Wa nini?" Nikaona aibu mara mbili.

Ndugu msomaji, gereji itakufungia kila kifaa, lakini kifaa hakijizungushi. Na anayekuonya akiwa jikoni, na unga mikononi, msikilize kama unavyomsikiliza fundi. Mimi hata fundi sikumsikiliza.

Siku hizi, tangi likiwa limejaa, sipaki tena mbele ya nyumba za watu. Napita nyumbani na lori tupu tu, na mpini nazima mwenyewe. Halafu mabukwe anatoka kuhakikisha.

Leo mchana nimesimama mlangoni, nimeligeukia lori, nikapaza sauti: "Kamyo, ambia mabukwe asante. Nyumba yote iko hai sababu yake."

Sauti ikajibu kutoka jikoni:

"Kamyo, ambia yeye chakula inapoa. Na leo akule polepole."