Barua Niliyomtafsiria Baba

Nilipoapishwa kuwa wakili nilirudi Tabora na begi moja la nguo na joho jeusi ambalo sikuwa na mahali pa kulivaa. Wenzangu wengi walibaki Dar es Salaam kuzihangaikia ofisi kubwa. Mimi nilirudi mtaani kwetu Kanyenye, kwa baba.

Baba anauza asali. Duka liko mbele, nyumba iko nyuma, na uani ndiko anakochuja asali inayoletwa na wafuga nyuki kutoka misituni. Mababu zetu waliingia Tabora na misafara iliyokuwa ikienda Ujiji, wakachoka njiani, wakabaki. Ndivyo baba anavyopenda kuwaeleza wateja. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo baba ndiye aliyenifunga ushungi asubuhi, akapika wali, akatia sahihi kwenye madaftari yangu ya shule.

Kwa miezi mitano nilituma barua ya maombi kwa kila ofisi ya mawakili niliyopata anwani yake. Barua yenyewe haikuwa yangu. Nilipewa na mwanafunzi mwenzangu, naye alipewa na kaka yake. Ilikuwa ya Kiingereza kizuri, ndefu kidogo, na kazi yangu ilikuwa kubadilisha tarehe na jina la ofisi, basi. Hakuna aliyenijibu.

Siku moja simu ikaita. Alikuwa mama mmoja, katibu muhtasi wa ofisi fulani ya Dodoma.

"Dada, nakupigia kwa nia njema tu," alisema. "Barua yako imetufikia sisi, lakini ndani umeandika kwamba tangu ukiwa chuoni ndoto yako ni kufanya kazi kwenye ofisi ya watu wengine. Umewataja kwa jina."

Nikamwomba radhi.

"Sijaipeleka kwa bosi," akaongeza. "Nimeona bora nikuambie, usije ukaendelea kuzituma hivyo."

Nilimshukuru, nikakaa pale uani juu ya ndoo ya asali iliyofunikwa. Baba alikuwa ananing'iniza kitambaa cha kuchujia. Aliniangalia.

"Kuna nini, mama?"

"Nimekosea barua."

"Hebu nisomee."

"Ni ya Kiingereza, baba."

"Si unakijua wewe? Nieleze inasemaje."

Nikafungua simu, nikaanza kutafsiri. Mimi ni mtu mwenye ari kubwa na ninayejituma. Ninaweza kufanya kazi peke yangu na pia kwa kushirikiana na wengine. Ninavutiwa sana na sifa za ofisi yenu tukufu. Kwa Kiingereza maneno hayo yalikuwa yamekaa kama watu walioalikwa harusini. Pale uani, kwa Kiswahili, mbele ya baba aliyenilea, nilianza kuyaonea haya. Nilipofika aya ya tatu sauti yangu ilikuwa chini mno, hata akaniomba nirudie.

Aliiacha asali ichuruzike, akafuta mikono.

"Huyu simjui," alisema.

"Ni mimi, baba."

"Aa. Huyu anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote. Akija dukani kwangu na barua hii, nitajuaje kama ni wa kumwachia ufunguo?" Kisha akauliza, "Yule mama wa Urambo umemweka wapi?"

Nilikuwa sijamweka popote. Katika miezi ile ya kusubiri nilijitolea kwenye meza ya msaada wa kisheria hapo mjini, na mama huyo alikuwa mmoja wa waliofika. Alikuwa mjane. Ndugu wa mumewe walitaka kumtoa kwenye shamba la tumbaku kwa sababu hakuwa na cheti cha ndoa. Mara mbili alikuwa ameshakuja na kuambiwa akalete cheti, na mara mbili alirudi kwao hivyo hivyo. Siku nilipompokea mimi, Kiswahili kilimkwama kwa uchungu. Nikamwambia aseme Kinyamwezi, lugha niliyoinyonya kwa bibi. Alizungumza kwa karibu saa nzima. Kumbe aliolewa kimila, mahari ikatolewa mbele ya watu, na watu hao walikuwa hai. Nilikwenda Urambo, nikawapata wawili, nikayaandika maelezo yao. Wakili mwandamizi aliyekuwa akitusimamia aliyatumia mahakamani, na yule mama akatambuliwa kuwa mke halali wa marehemu.

Baba hakuyajua hayo yote. Alichokijua ni kwamba siku moja usafiri ulimpita mgeni huyo, nikamleta nyumbani, na yeye akampikia. Alituona tumeketi jikoni, mama yule anasema, mimi naandika, na wali unapoa.

"Andika hilo," alisema.

"Siwezi. Ni siri ya mteja."

"Basi siri yake mwachie. Andika ulichokifanya wewe."

Halafu akauliza swali nililokuwa nikilikwepa: hapa Tabora sikuona ofisi? Nilikuwa nimeziona. Nilikuwa nikiona pia picha za wenzangu wamesimama mbele ya majengo ya vioo, na niliogopa watu waseme kwamba nimerudi kwa sababu nimeshindwa. Na kulikuwa na jambo jingine. Siku hizi baba akiinua ndoo ya asali hutulia kwanza, mkono mmoja kiunoni, kabla ya kupiga hatua. Nadhani aliona macho yangu yakienda huko.

"Usiombe kazi kwa ajili ya mgongo wangu," alisema. "Mgongo ni wangu. Omba pale ambapo utapenda kwenda kila asubuhi."

Asubuhi mbili zilizofuata nilikwenda mahakamani, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Nilitaka kuwaona mawakili wa mji wangu wakifanya kazi. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye ofisi ndogo ya mambo ya mirathi na ardhi. Mteja wake mmoja alikuwa mzee mzito wa kusikia. Badala ya kumpigia kelele ukumbini, wakili aliketi ubavuni pake, akamwandikia swali kwenye karatasi, akangoja. Mzee alisoma polepole, na wakili hakutazama saa hata mara moja. Nikajua nitamwandikia nani.

Barua mpya niliiandika kwanza kwa Kiswahili, mchana kutwa, kisha nikaigeuza kuwa Kiingereza. Iliishia ukurasa mmoja. Mwanzoni nilijitambulisha na kutaja nafasi ninayoiomba. Kisha nikaeleza jinsi nilivyomsikiliza mjane mmoja kwa lugha yake na kuwatafuta mashahidi wake, bila jina, bila kijiji, bila kutaja shamba. Nikaeleza nilichokiona ukumbini kuhusu yule mzee, maana ndicho kilichonipeleka kwenye ofisi hiyo. Mwisho nikakiri kwamba sijawahi kusimama peke yangu mbele ya hakimu.

Nilimsomea baba. Alinikatiza mahali pamoja tu.

"Umesema ulimpatia mama haki yake. Na wale mashahidi? Na aliyesimama mahakamani, maana umeandika wewe hujawahi?"

Nikaifuta sentensi, nikaandika kwamba tulisaidiana. Kisha nikaenda kuichapa kwenye steshenari ya jirani, nikaisoma tena nikiwa nimesimama kwenye kaunta, jina la ofisi hasa, mara tatu. Niliipeleka mwenyewe kwa mkono.

Baada ya siku tisa nikaitwa. Wakili alikuwa na barua yangu mbele yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mstari aliokuwa ameupigia kalamu.

"Huyu mjane ni nani?"

"Samahani, mama, siwezi kusema."

"Ni wa wilaya gani?"

"Hilo nalo naomba niliache."

Aliweka kalamu mezani. Nikaamini nimeshaharibu.

"Mji huu kila mtu ni shemeji wa kila mtu," alisema. "Neno likitoka ofisini humu asubuhi, adhuhuri liko sokoni. Nimeletewa barua nyingi zenye majina ya wateja wa watu, yameandikwa kama mapambo." Akaikunja barua. "Umeandika hujawahi kusimama. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Vizuri. Utaanza kwa kusimama nami."

Nilimkuta baba dukani anafunga chupa za asali. Nilipomwambia alisema alhamdulillahi, akaendelea kukaza kifuniko ambacho kilikuwa kimeshakazwa. Kisha akaingia uani. Nilipomfuata nilimkuta anajifuta uso kwa upindo wa kanzu.

"Nta," alisema. "Imeniingia jichoni."

Hakukuwa na nta yoyote nje siku hiyo. Nilimletea maji, akanawa, tukaacha hivyo.

Mwezi wa tatu wa kazi, yule wakili alipata udhuru, akaniambia niende peke yangu mbele ya hakimu kuomba shauri liahirishwe. Ni ombi la sentensi mbili. Nilizikariri njia nzima. Shauri letu lilipoitwa nilisimama na joho langu, nikazisema zote mbili bila kukosea. Hakimu akaandika, akapanga tarehe nyingine, na ikaisha.

Nilipogeuka kutoka nilimwona baba kwenye benchi la nyuma kabisa, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatano. Sikumbuki kumwambia ukumbi wala saa. Duka alikuwa amelifunga. Tulitoka pamoja, yeye mbele kidogo, mpaka barabarani, akageuka.

"Nimekusikia mpaka kule nyuma," alisema.