Salamu za Mzee Aidarus kwa Mlango

Mzee Aidarus hajawahi kuchelewa kazini. Tangu alipoajiriwa ukarani katika kampuni moja kubwa ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, yeye hutoka kwake mtaa wa Ndia Kuu mapema, akawasalimu wenye maduka mmoja mmoja, na bado akafika kabla ya wenzake. Sasa amebakisha mwezi mmoja astaafu, na anataka kuondoka na sifa hiyo bila doa.

Mwezi huohuo kampuni ikaamua kuachana na kadi za mlangoni, maana watu walikuwa wakiazimana. Jael, msichana wa kitengo cha kompyuta, akapewa kazi ya kuchagua kitu ambacho mtu hawezi kumwazima mwenzake: kidole, uso au sauti. Ambaye mlango haujamfungukia kufikia saa mbili, ataandikwa amechelewa.

Vidole vilijaribiwa kwanza. Alama za Mzee Aidarus zilikuwa zimefifia kwa uzee, na kama si Jael kumfungulia mwenyewe, angelala nje. Uso nao haukufika mbali. Bi Hind wa idara ya hesabu, ambaye huvaa nikabu, aliuliza kwa upole, "Mwanangu, nijifunue hapa barabarani kila asubuhi?"

Ikabaki sauti. Kila mtu alirekodiwa akitaja jina lake, na Jumatatu foleni ikajipanga.

"Sema jina lako," mlango ukaamuru.

"Asalaam aleikum," akasema Mzee Aidarus. "Habari za asubuhi? Nyumbani hawajambo?"

Taa nyekundu ikawaka. "Sauti haijatambuliwa. Sema jina lako."

"Salamu hauitikii, jina unalitaka!"

"Ami, hapo huposi mke!" Sami, dereva wa lori, akapaza sauti kutoka mwisho wa foleni. "Sema jina tuingie!"

"Wewe Sami, kwa watu huingia bila hodi?" Mzee akaugeukia mlango. "Asalaam aleikum..."

Nyekundu tena. Saa mbili ilikuwa inabisha. Jael akaja mbio, kompyuta mkononi.

"Ami, nakuomba, leo tu. Jina bila salamu."

"Mwanangu, muuza kahawa namsalimu, mkurugenzi namsalimu. Mlango ndio uje kunivua adabu mwezi wa mwisho?"

Jael aliitazama saa, akamtazama mzee, kisha akafuta rekodi yake ya jina.

"Basi usalimie, Ami. Vilevile unavyosalimia siku zote."

Akausalimia, akarudia, akarudia tena, hadi mashine ikaikariri salamu yote, pamoja na hao wa nyumbani. Alipoitoa mara ya mwisho, taa ikawa kijani na mlango ukafunguka.

Mzee Aidarus hakusogea.

"Ingia, Ami!" foleni nzima ikapiga kelele.

"Nangoja niitikiwe."

Jael akajificha nyuma ya mlango. "Waaleikum salaam, Ami! Hatujambo sote! Karibu ndani!"

"Ahaa," akasema Mzee, akaingia, saa ya ukutani ikiwa bado haijagonga mbili.

Aliyeandikwa amechelewa siku hiyo ni Sami.